Leseni ya mwanagenzi: Kijana wa Makutano aanzie wapi?

KIJANA anayetimiza umri wa miaka 18 katika mtaa wa Makutano, mjini Meru, hahitaji kwenda mbali kumtafuta mtu wa kumfundisha kuendesha pikipiki. Binamu ana yake, jirani ana yake, na aghalabu baada ya jioni mbili tatu katika uwanja wa shule kijana huyo huonekana barabarani akiwa amembeba abiria. Leseni humjia akilini siku anaposimamishwa na askari wa trafiki, au siku mbaya zaidi ya hiyo.

Sheria inataka mambo yaende kwa mpangilio wa kinyume. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, ambayo asili yake ni ya mwaka wa 1953, hakuna anayeruhusiwa kuendesha gari au pikipiki barabarani bila leseni ya aina ya chombo anachokiendesha. Hata anayejifunza ni lazima awe na leseni kabla ya kushika usukani kwa mara ya kwanza katika barabara ya umma. Hiyo ndiyo leseni ya muda, ambayo katika makala haya tunaiita leseni ya mwanagenzi. Neno mwanagenzi limeachwa kidogo siku hizi, lakini linafaa sana hapa: ni mtu aliyeingia katika kazi asiyoijua bado, na ambaye kila mtu anafahamu kwamba haijui.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama mtu anaweza kujifunza kwanza, kisha achukue leseni ya mwanagenzi na ile kamili kwa pamoja ili kupunguza safari. Jibu ni la. Ukipatikana ukiendesha barabarani kabla ya kupewa leseni ya mwanagenzi, wewe machoni pa sheria si mwanafunzi bali ni dereva asiye na leseni, na aliyekukabidhi gari pia huenda akashtakiwa.

Leseni hii inaruhusu nini?

Wengi huichukulia leseni ya mwanagenzi kama leseni kamili iliyopungua kidogo. Hilo ni kosa, na limewagharimu wengi. Leseni ya mwanagenzi ni ruhusa ya kujifunza tu, na imefungwa kwa masharti.

La kwanza ni kwamba mwanagenzi wa gari haendeshi peke yake. Kando yake ni lazima aketi mkufunzi au dereva mwenye leseni halali ya aina hiyo ya gari, anayeweza kuingilia kati mambo yakiharibika. La pili ni kibao chenye herufi L, nyekundu juu ya nyeupe, mbele na nyuma ya chombo. Kibao hicho huwachekesha vijana, na wapo wanaokibandua wanapokaribia mitaa ya nyumbani ili wasionekane na marafiki. Kazi yake ni kumwambia dereva wa lori aliye nyuma yako kwamba huenda gari likakuzimikia kwenye mlima, basi naye akuachie nafasi. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh1,000 kwa mwanagenzi asiyeonyesha vibao hivyo.

La tatu ndilo linalowagusa zaidi vijana wa Makutano. Mwanagenzi habebi abiria. Haijalishi kama abiria ni dada yake anayepelekwa hospitalini au ni mteja aliyelipa Sh50. Kwa mwenye gari, mtu anayeruhusiwa kuwa naye ni yule anayemfundisha. Kwa mwenye pikipiki, kiti cha nyuma kinapaswa kubaki kitupu hadi atakapofaulu mtihani.

Hapa ndipo penye kidonda. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda zimekuwa ajira ya kwanza ya vijana wengi wanaomaliza shule katika kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Pikipiki hununuliwa kwa mkopo, na mkopo haungoji mtihani. Kijana hulipa ada ya leseni ya mwanagenzi, huikunja karatasi yake mfukoni, na huanza kubeba abiria akiamini kwamba yu salama kwa kuwa ana kitu cha kumwonyesha askari. Huenda askari akamwachilia. Kampuni ya bima haina sababu ya kumwachilia.

Sheria ya bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine, Sura ya 405, inalazimu kila chombo barabarani kiwe na bima. Lakini mikataba ya bima, aghalabu kwa maandishi madogo yasiyosomwa, husema kwamba anayeendesha awe na leseni inayomruhusu kufanya anachofanya. Mwanagenzi aliyembeba abiria wa kulipa hana ruhusa hiyo. Ajali ikitokea na abiria akavunjika mguu, familia mbili hujikuta zikichangisha pesa: moja ya matibabu, nyingine ya wakili na dhamana. Wazazi wanaouza ng'ombe au kipande cha shamba la miraa ili kumtoa kijana rumande wanaujua uzito wa jambo hili kuliko mwandishi yeyote.

Nchini kote, barabara zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka katika miaka ya hivi karibuni, kulingana na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Wanaotembea kwa miguu huongoza katika orodha hiyo, na waendeshaji pikipiki pamoja na abiria wao hawako mbali nyuma yao.

Namna ya kuomba

Zamani safari ya leseni ilipitia mikono ya polisi waliotahini na maafisa wa mamlaka ya ushuru waliotoa kile kijitabu chekundu ambacho madereva wakongwe bado wanakikumbuka. NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012 na kuichukua kazi hiyo, na maombi yakahamishiwa mtandaoni. Siku hizi mwombaji hupitia tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen, ambako sehemu ya NTSA imeunganishwa.

Unahitaji kitambulisho cha kitaifa, nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na anwani ya barua pepe unayoweza kuifungua mwenyewe. Kuwa na PIN ya mamlaka ya ushuru, KRA, ni vyema pia, kwa kuwa huulizwa katika huduma nyingi za aina hii. Ukishafungua akaunti, tafuta huduma za leseni za udereva, chagua leseni ya muda, kisha chagua aina ya chombo unachotaka kujifunza. Ada ya leseni hii kwa miaka mingi imekuwa Sh600, na juu yake Sh50 za huduma ya mtandao. Kiasi kamili hujitokeza kwenye skrini kabla ya kulipa, nawe hulipa kwa simu. Baada ya malipo kupokelewa, leseni hupatikana katika akaunti yako na unaweza kuichapisha. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake na uiweke akilini. Mtihani ukikukuta baada ya tarehe hiyo utarudi mwanzo.

Wasio na kompyuta huenda saiba, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Tahadhari ni moja. Wahudumu wengi wa saiba, kwa nia njema au kwa kutaka kazi iishe upesi, humfungulia mteja akaunti kwa barua pepe yao na kubuni nywila wanayoijua wao. Miezi michache baadaye, mteja anapotaka kuomba leseni kamili, akaunti haifunguki na saiba imehama. Akaunti hiyo itakufuata maisha yako yote: kwa leseni, kwa gari utakalonunua, kwa pasipoti. Andika nywila mwenyewe na uifiche.

Asiyetaka saiba anaweza kwenda katika Kituo cha Huduma mjini Meru, au kile cha mjini Embu kwa walio upande huo. Wanaoishi karibu na Makutano ile nyingine, pale barabara ya kwenda Embu kupitia Mwea inapoachana na ile ya Sagana na Nyeri, wataona Embu ni karibu zaidi.

Kuchagua kundi la leseni

Leseni za Kenya zimegawanywa kwa herufi, na chaguo unalofanya siku ya kwanza lina madhara. Kundi la A ni la pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. B ni la magari madogo. C ni la malori, D ni la magari ya abiria, na G ni la matrekta na mashine za ujenzi. Kundi la F liliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wanaoendesha magari yaliyorekebishwa kwa mahitaji yao, jambo ambalo familia nyingi hazilijui na hivyo huwanyima jamaa zao nafasi ya kujifunza.

Makundi yenyewe yana matawi. Katika B, kwa mfano, lipo tawi la magari ambayo gia zake hujibadilisha zenyewe. Aliyefunzwa na kutahiniwa kwa gari hilo hana ruhusa ya kuendesha gari la gia za mkono. Kijana anayetarajia siku moja kuajiriwa kuendesha pikapu ya kusafirishia miraa au mboga hana budi kujifunza klachi, hata kama gari la mjomba wake halina. Vilevile, mwenye leseni ya gari dogo hawezi kuruka moja kwa moja akaendesha matatu. Kundi la D linadai umri mkubwa zaidi na tajriba ya miaka kadhaa.

Wapo wanaojaza makundi mawili kwa pamoja, A na B, wakiona ni busara kumaliza yote. Si vibaya, mradi ujue kwamba kila kundi lina mafunzo na mtihani wake.

Shule ya udereva

Sheria inataka shule ya udereva iwe na leseni, na mkufunzi naye awe na yake. Uliza uonyeshwe zote mbili kabla ya kulipa. Ni shule itakayokuandikisha kwa mtihani, kwa hivyo ukijiunga na ile isiyosajiliwa utajikuta umejifunza vizuri lakini huna wa kukufikisha mbele ya mtahini.

Bei hutofautiana sana kati ya shule na shule, na si lazima iliyo ghali iwe bora. Jambo la kuuliza ni idadi ya masomo ya barabarani, urefu wa kila somo, na idadi ya wanafunzi wanaopakiwa katika gari moja. Mwanafunzi anayeketi kiti cha nyuma kwa dakika arobaini akiwatazama wenzake, kisha akapewa usukani kwa dakika kumi, hajapata somo la saa nzima hata kama ndivyo daftari linavyosema. Uliza pia kama gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mkufunzi. Halafu omba risiti.

Sehemu ya kwanza ya mafunzo hufanyiwa darasani, mbele ya ubao wa mji wa mfano ambao wanafunzi huuita bodi. Ni meza iliyochorwa barabara, njia panda, mizunguko na maegesho, na mwanafunzi husogeza kigari cha kuchezea huku akieleza kila anachofanya. Wengi huidharau. Wengi pia huanguka papo hapo. Kiini chake ni kwamba nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na katika mzunguko tunawapisha wanaotoka kulia. Ukiyashika hayo mawili, mengine hufuata kwa mantiki: uingie leni ipi ukitaka kukunja kulia, utoe ishara wapi, usimame wapi. Anayekariri mwendo wa kigari bila kuelewa sababu huchanganyikiwa mtahini anapokizungusha kigari na kukianzisha upande mwingine wa ubao.

Kijitabu cha sheria za barabarani huuzwa kwa bei nafuu mitaani na katika maduka ya vitabu. Alama zimepangwa kwa maumbo. Pembetatu huonya, duara huamuru au hukataza, mstatili huarifu. Aliyeelewa mpango huo anaweza kukisia hata alama ambayo hajawahi kuiona. Jifunze pia mahali ambapo ni marufuku kulipita gari jingine: kwenye kona, kwenye kilele cha mlima, darajani, karibu na njia panda, kwenye kivuko cha wanaotembea kwa miguu, na popote palipo na mstari usiokatika katikati ya barabara.

Orodha hiyo kwa mkazi wa Meru si nadharia. Barabara inayoshuka kupitia Nkubu, Chogoria na Chuka hadi Embu imekata mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya, na kila bonde lina mteremko, kona, daraja na mpando. Katika daraja la Nithi, mnamo Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30. Ajali nyingine zilikuwa zimetokea hapo kabla yake. Mwanagenzi hafai kupelekwa Nithi katika wiki yake ya kwanza, lakini asikubali kumaliza mafunzo yake bila kufundishwa kushuka mlima kwa gia ndogo. Anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo huzichemsha, na breki zilizochemka huacha kushika. Katika miji tambarare somo hilo linaweza kusubiri. Huku kwetu halisubiri.

La pili la kusisitizia ni kuanza mwendo ukiwa umesimama mlimani bila gari kurudi nyuma. Mtahini atakutaka ulifanye, na barabara za Meru zitakutaka ulifanye kila siku. Breki ya mkono ikiwa juu, achia klachi polepole hadi usikie gari likitaka kwenda, ongeza mafuta kidogo, ndipo uishushe breki. Jifunze hilo asubuhi na mapema, kabla magari ya miraa hayajaanza kukimbizana na saa. Madereva hao wana sifa yao, na kibao cha L hakiwapunguzii mwendo hata kidogo.

Siku ya mtihani

Shule hukuwekea tarehe na ada ya mtihani hulipwa kando. Beba kitambulisho asilia na leseni yako ya mwanagenzi. Mtahini ataanza kwa maswali ya alama na ubao, kisha utaingia barabarani naye. Kabla ya kuwasha injini, rekebisha kiti na vioo, funga mkanda. Mambo haya ni madogo, lakini humwonyesha mtahini ulivyofunzwa hata kabla gari halijasogea. Katikati ya miji na masoko, kasi ni kilomita 50 kwa saa, na mwanafunzi aliyezoea kuona kila mtu akipita kasi hiyo husahau kuichunga.

Wako watakaokujia, pengine siku ile ile, wakisema kwamba kwa kitu kidogo utafaulu bila kuhangaika. Sheria ya kupambana na hongo ya mwaka wa 2016 humwadhibu anayetoa sawa na anayepokea, na katika hili kijana asidanganywe kwamba yeye ni mteja tu. Aidha, leseni iliyotengenezewa uchochoroni haimo katika mfumo wa NTSA, na siku hizi leseni inaweza kuhakikiwa kwa simu kando ya barabara. Aliyeinunua atakuwa amepoteza pesa, na badala ya kosa la trafiki atakabiliwa na shtaka la kuwa na hati ghushi.

Kuanguka hakumfungii mtu mlango. Utalipa ada ya mtihani tena na kupewa tarehe nyingine. Muulize mtahini kwa heshima ni wapi hasa ulipokosea, kisha ulipie masomo ya sehemu hiyo pekee badala ya kurudia kozi nzima, hata kama shule itakushauri vingine.

Ukifaulu, bado hujawa huru kuendesha peke yako ukitoka uwanjani. Matokeo huingizwa kwenye mfumo, nawe hurudi katika akaunti yako ya eCitizen kuomba leseni kamili. Kadi ya kisasa yenye kifaa cha kuhifadhi taarifa, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2017, imekuwa ikigharimu Sh3,000 pamoja na zile Sh50 za mtandao. Utachagua kituo cha kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na wakati huo huo utachagua pa kuichukulia kadi. Anayeishi Makutano achague Meru, asije akaacha chaguo la Nairobi lililojiweka lenyewe kisha akalipa nauli ya kwenda na kurudi kwa uzembe wa kubofya. Kadi ikifika, ikague palepale mezani kabla ya kutia saini: tahajia ya majina yako, nambari ya kitambulisho, na herufi za makundi uliyofaulu. Herufi ikikosekana, mwambie mhudumu kabla hujaondoka.